Kupogoa pesheni baada ya mavuno: wapi ukate, wapi usiguse kabisa

Habari zenu wadau wa pesheni, karibuni tena. Leo tupo Soni huku Lushoto, kwenye shamba la mteja wangu, mama mmoja anajituma kwelikweli, ametoka kuvuna na mzigo umeshashuka soko la Mabibo, sasa kaniita tumpogolee. Jua limetoka, umande umekauka. Hiyo ndo hali ya kupogoa, ukipogoa na mvua inanyesha au majani bado mabichi ya umande unayafungulia mlango magonjwa ya ukungu, kwa hiyo subiri, hata kama vijana wa kibarua umeshawalipa, subiri.

Dogo, sogeza kamera karibu. Nataka watu waone hapa kwanza kabla sijashika mkasi.

Hiki ni kichomozo kipya, laini, kijani kabisa. Angalia kwenye kwapa la jani: kuna jani lenyewe, kuna hiki kikamba kinachojizungusha, na katikati hapo kuna kitumba kidogo, hicho ndo ua. Umeona? Sasa njoo huku kwenye tawi la zamani lililozaa msimu uliopita. Kwapa zake zimekauka, hakuna kitu. Na hapo haliji ua tena. Pesheni inatoa ua kwenye kichomozo kipya tu, basi, hiyo ndo siri yote ya zao hili, ukiielewa hiyo hata nisingeendelea na video ungeweza kupogoa. Mtu ana shamba la kijani limefunika mpaka huoni waya, anajisifu limestawi, mwisho wa msimu analalamika mbegu mbovu. Mbegu haina tatizo ndugu yangu, umefuga majani.

Vifaa. Mkasi mkali wa kupogolea, ndoo, jiki, kamba ya katani. Jiki kikombe 1, maji vikombe 9, changanya kwenye ndoo. Kila ukimaliza mche mmoja chovya mkasi ndipo uende mwingine. Kila mche, nasema kila mche. Nitarudi hapo maana kuna kitu nimekiona kule mwisho wa mstari kimenitia wasiwasi.

Umbo la mche tulishalifanya kwenye video ya kupandisha, nitapita haraka haraka kwa wageni. Nguzo futi 8, futi 2 zipo chini, waya unakaa futi 6 ili mtu aufikie bila ngazi. Mche hadi mche mita 3, mstari hadi mstari mita 2. Mche ukiwa mdogo unauachia shina moja tu, machipukizi yote ya pembeni unayatoa kwa vidole yakiwa bado laini, linapanda na kamba mpaka kwenye waya. Likifika juu unakata ncha. Ukikata ncha yanatoka machipukizi, unachagua mawili yenye nguvu, moja linaenda kushoto na moja kulia, hiyo ndo mikono. Kutoka kwenye mikono matawi yananing'inia chini kama pazia, na hapo kwenye pazia ndo pesa ilipo. Tumeelewana? Twende.

Hatua ya kwanza ya leo, tafuta mikono. Inaonekana rahisi lakini tulia hapa. Mikono baada ya mwaka inakuwa imefichwa na matawi, yamejizungusha kwenye waya, yamejifunga na ya jirani, huwezi kujua lipi ni lipi kwa kutazama tu. Kwa hiyo weka mkono wako kwenye shina, panda nalo hadi juu, halafu fuata kwa vidole taratibu kando ya waya. Hivi. Hapa linakata kona, hapa limepita chini ya waya, sawa, huu ndo mkono wa kulia. Mimi nafunga kitambaa chekundu kila hatua moja ili nisijichanganye. Wengine wanaona napoteza muda, ila kitambaa hakili chochote na mkono ukishakatwa kila kilicho mbele yake kinakufa, mita nzima na nusu ya mazao inakauka mbele ya macho yako.

Kwa hiyo kabla ya kukata chochote: FUATA MPAKA KWENYE MKONO. Nitalisema tena na tena, msinichoke.

Haya sasa tunakata. Tawi hili limeshazaa, nalifuata mpaka juu, hapa ndo linapoungana na mkono. Nahesabu macho, yaani vile vifundo vya kuchipulia, kuanzia kwenye mkono, moja, mbili, tatu, nne. Nakata mbele kidogo ya jicho la nne, mkato umelala upande ili maji yasitulie. Kwa mche wenye nguvu naacha macho 4, mche dhaifu macho 3. Kuna wanaonyoa mpaka kwenye mkono kabisa, mimi sipendi, maana mbao kavu isiyo na jicho mara nyingi haichipui, na mkono ukibaki uchi jua linauunguza.

Linalofuata... fuata kwanza... hili limepita nyuma ya lile... subiri. Dogo umeona hapa? Nilidhani ni tawi, kumbe huu ni mkono wa mche wa jirani umevuka na kuja kwetu. Si unaona! Ndo maana nasema fuata. Huu tunaukata ncha pale unapokutana na mwenzake, mita 1 na nusu kila upande inatosha, kila mche ukae kwake.

Tawi changa lenye vitumba usiliguse. Linaloburuza chini lipunguze ncha libaki juu ya ardhi, shibiri moja na nusu hivi, tawi likigusa udongo linapandisha magonjwa na wadudu na tunda linaoza kabla hujaliona. Yaliyokufa, toa yote. Yanayobanana sana, chagua moja uache moja. Haya ni ya macho tu sitakaa hapo.

Sasa sikilizeni, hapa ndo watu wengi wanaharibu kazi nzuri waliyokwisha kuifanya. Umeshakata, tawi bado limening'inia juu kwa sababu vile vikamba vimeshika kila kitu, vimeshika waya, vimeshika matawi mazima, vimeshika mpaka vitumba. Mkono unakuwasha uvute. USIVUTE. Ukivuta leo, tawi bichi linashuka na machipukizi mapya ambayo ndo mazao yako ya msimu ujao, na mengine yanachanika pale kwenye mkono, jeraha bovu kuliko la mkasi. Acha hapohapo. Siku kadhaa za jua majani yananyauka, vikamba vinakauka na kukatika vyenyewe, ndipo unarudi unatoa kwa upole, kipande kwa kipande. Shamba litaonekana baya hizo siku, majani makavu kila mahali, majirani watauliza kama umepiga dawa ya magugu. Waache waulize. Usivute.

Kijana wa kibarua mwambie hivyo hivyo, na ukienda kula chakula cha mchana mwambie tena.

Dogo ngoja, shusha kamera. Shusha, hapo chini kwenye shina. Wadau hii sikuipanga lakini ni nzuri mkaiona. Miche hii ni ya kubebesha, juu ni pesheni ya zambarau, chini mizizi ni ya njano kwa sababu ya njano inavumilia mnyauko wa fusari, ule ukungu wa kwenye udongo. Hapa ndo walipounganishwa, kuna kovu. Na hapa chini ya kovu kuna chipukizi limetoka. Liangalie rangi: shina lake lina wekundu wekundu, na vikamba vyake vyekundu, wakati juu vikamba ni vya kijani. Hilo ni la njano, limetoka kwenye kishina cha chini kilichobebeshwa, ukiliacha linakula chakula chote na zambarau inadhoofika. Nalitoa kwa mkono, kutoka kwenye mzizi wake kabisa, nisiache kisiki. Kila unapopita pogoa inama uangalie chini ya kovu. Na udongo usifukie kovu, tafadhali sana, ukifukia umefuta faida yote ya kubebesha.

Sasa twende kule mwisho wa mstari, nimekaa nao moyoni tangu asubuhi.

Mche huu. Majani yana madoa ya njano na kijani yamechanganyika, yamekunjamana. Matunda madogo, yamepinda. Dogo shika hili, niwapasulie. Mnaona ganda? Nene, gumu, kisu kinagoma, na ndani majimaji kidogo tu. Hiki ni kirusi, na kirusi hakina dawa, mtu asikuuzie dawa ya kirusi dukani. Kinasambazwa na wadudu mafuta, na kinasambazwa na huu mkasi. Mkasi wako mwenyewe! Ukianza kupogoa mche huu halafu ukaendelea na mstari bila kuchovya kwenye jiki, umeuambukiza mstari mzima kwa mkono wako. Ndo ile ndoo.

Mche kama huu haupogolewi. Unang'olewa na mizizi na kuchomwa moto, leo hii. Najua inauma, mama mwenye shamba ameguna hapo nyuma na ninamuelewa, mche una mwaka mzima, lakini mama yangu, huu mmoja utakuondolea mia. Ng'oa mwisho, baada ya kumaliza mizima yote, usiupitie katikati ya kazi na nguo zako zikaenda kwenye mingine.

Baada ya kupogoa. Piga dawa ya kopa, ile ya ukungu yenye shaba, siku hiyohiyo kwenye majeraha. Samadi iliyooza vizuri debe moja kila mche, iweke mbali na shina kiasi cha futi moja, mwagilia. Machipukizi yatakuja mengi, mengine utayatoa tena kwa vidole, na maua yakianza kufunguka acha kupiga dawa asubuhi, pesheni ya zambarau inafungua ua alfajiri na kufunga kuelekea mchana, nyuki wanafanya kazi saa hizo. Piga jioni kama ni lazima. Kwa wenye ya njano ni kinyume, ua lake linafunguka mchana mpaka usiku, na ya njano haijizalishi yenyewe, inataka chavua ya mche mwingine na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Ukiona wametoboa nguzo zako usiwaue. Kuanzia ua kushika mpaka tunda kuiva ni miezi 2 mpaka 3, kwa hiyo piga hesabu yako ya soko kuanzia hapo.

Miche ya kubebesha ipo kitaluni kwangu, wanaotaka kupanda na mvua za vuli waagize mapema, namba ipo kwenye maelezo ya video chini. Ukinitumia picha ya mche wako watsap, tuma ya jani karibu, ya tunda lililopasuliwa na ya shina pale kwenye kovu, picha ya shamba zima kwa mbali hainisaidii kukuambia kitu.

Dogo, hebu niachie kamera kidogo tukamsaidie mama kung'oa ule mche.