Watoto wa wahamiaji wa Kilatino na lile neno "we soma tu"

ASHA: Karibuni tena jamani. Kaka Baraka yuko Houston, Texas, huko Marekani, leo tunaongelea watoto wa Kilatino, wale ambao wazazi wao wametoka Mexico, Honduras, Guatemala, El Salvador, na nyumbani amri ni moja, usome.

BARAKA: Amri kabisa dada. Mi nafanya kazi na hao wazazi, baba anapaua nyumba za watu kwenye jua la Texas la mwezi wa nane, mama anasafisha maofisi usiku, afu mtoto anaambiwa we soma tu usije ukashika nyundo kama mimi. Na anaambiwa kwa upendo. Angekuwa anagombezwa si angejibu, sasa hapo anajibu nini?

ASHA: Na huyo huyo ndo karani wa nyumba.

BARAKA: Ndo hapo sasa! Barua ya mwenye nyumba anasoma yeye, hospitali anatafsiri yeye, kikao cha wazazi mwalimu anaongea Kiingereza, yeye anamgeuzia mama kwa Kihispania habari za maksi zake mwenyewe. Akiwa binti wa kwanza ndo kabisa, na wadogo zake wote anawalea. Mwalimu yeye anaona tu mtoto kasinzia darasani.

ASHA: Niambie ile fomu, FAFSA.

BARAKA: Aisee. Ni fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada ya chuo, na inataka kipato cha wazazi. Sasa binti wa miaka 17 kakaa mezani jikoni na simu yake, mama kamtolea karatasi za kodi kwenye boksi la viatu, anaingiza namba moja moja, na hapo ndo anajua kwa mara ya kwanza baba yake anapata shilingi ngapi mwaka mzima. Mi naona mzigo wenyewe unaanzia hapo, maana kuanzia siku hiyo akipata C ya hesabu anaipiga kwa siku za baba juu ya paa.

ASHA: Na ile fomu mpya iliyofunguliwa mwisho wa Desemba 2023, mzazi asiye na namba ya Social Security, ile namba ya utambulisho ya serikali ya Marekani, mfumo ulikuwa unamgomea, watoto raia kabisa, wamezaliwa hapo hapo Marekani, wakakwama mpaka Machi huko na wenzao walishatuma kitambo.

BARAKA: Watoto wasio na makaratasi, yaani kibali cha kuishi Marekani, ndo balaa zaidi. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu, kesi ya Plyler iliyotokea hapa hapa Texas, ilisema mtoto asinyimwe shule ya umma sababu ya makaratasi, lakini hiyo inaishia sekondari. Chuo, Texas iliwaruhusu 2001 kulipa ada ya mkazi wa jimbo, ambayo ni nafuu, Juni 2025 ikazuiwa mahakamani, na msaada wa serikali kuu hawapati. Mtoto kaambiwa soma soma tangu chekechea!

ASHA: Inauma jamani. Sasa afanyeje, awaambie wazazi nimechoka?

BARAKA: Hapana, na hapo sikubaliani na washauri wanaomwambia jifikirie wewe kwanza. Hawa watoto wanataka kuwainua wazazi wao, waachieni hilo, ila huo ukarani waondoleeni. Shule ilete mkalimani kwenye kikao, fomu ijazwe jioni baba akishatoka kazini, akae nayo na mtu mzima anayejua Kihispania, binti aende akasome.