Seva Moja Ikizima Usiku: Cassandra, TiDB, Ceph na Wenzao

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Mimi Zuhura, nipo na kaka yangu Baraka. Leo ni hifadhidata za chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, zinazokaa kwenye seva nyingi kwa pamoja. Baraka, watu wanauliza swali lile lile kila wiki: ipi bora?

BARAKA: Dada, nami nawauliza wao. Seva moja ikizima usiku, au mtandao ukikatika kati ya seva zako, unataka mfumo ufanye nini? Uendelee kupokea data hata kama seva zitapishana kwa muda? Au umkatalie mteja mpaka uwe na hakika? Ukijibu hilo, nusu ya majina yanaondoka mezani.

ZUHURA: Basi tuanze na Cassandra, maana hiyo nimelala nayo na kuamka nayo.

BARAKA: Ilizaliwa Facebook, ikatolewa kwa umma mwaka 2008. Haina mkubwa, seva zote ziko sawa. Kwa kawaida watu huweka nakala tatu za kila data, na wewe unachagua usubiri majibu ya nakala ngapi. Ukiandika kwa mbili na ukasoma kwa mbili, kati ya tatu lazima mojawapo unayoisoma iwe imeandikwa. Ukisubiri moja tu, unapata kasi, ila unaweza kusoma habari iliyopitwa.

ZUHURA: Mimi nilifundishwa na kufuta, siyo kuandika. Mahali fulani nilipokuwa nafanya kazi tulikuwa na seva tatu. Moja ikaungua pawasaplai, kipuri kikachukua wiki tatu kufika. Tukakifunga, seva ikawaka, tukafurahi. Kesho yake asubuhi mteja anapiga simu, amekasirika kweli: "Nilishajiondoa kwenye ujumbe wenu, mbona mnanitumia tena?" Naangalia, namba yake ipo. Naangalia wengine waliojiondoa siku za mwanzo za ile hitilafu. Wamerudi wote.

BARAKA: Maana Cassandra haifuti papo hapo. Inaweka alama, wenyewe wanaiita jiwe la kaburi. Seva iliyozimika huwekewa taarifa na wenzake kwa saa 3 tu, usipobadilisha mpangilio. Na jiwe la kaburi hukaa siku 10, baada ya hapo linaweza kuondolewa kabisa. Seva yenu haikuliona jiwe. Iliporudi na namba za watu, wenzake hawakuwa tena na kumbukumbu ya kifo, wakaona hii ni data waliyoikosa. Wakainakili.

ZUHURA: Tuliwapigia simu wateja mmoja mmoja kuomba radhi. Tangu siku hiyo nina sheria mbili. Ripea, ile kazi ya kulinganisha nakala na kuzisawazisha, inapita kwenye seva zote kabla siku 10 hazijaisha. Na seva iliyolala kupita hapo hairudi na data yake: inasafishwa, inaingia kama mgeni, inajazwa upya na wenzake.

BARAKA: Sasa chukua pesa. Akaunti ya kikoba ina shilingi 50,000. Watu wawili wanatoa 40,000 kwa wakati mmoja. Wote wamesoma 50,000, wote wanaandika 10,000. Kwenye Cassandra ya kawaida, uandishi wa mwisho ndio unaobaki, na kikoba kimetoa 80,000.

ZUHURA: Si ina njia ya kuandika kwa sharti?

BARAKA: Ipo, inatumia Paxos, utaratibu wa seva kukubaliana kwanza, lakini kila uandishi wa namna hiyo unazunguka seva mara kadhaa. Kama kazi yako yote ni ya pesa, nenda TiDB au YugabyteDB. Hizo zinakata data vipande, kila kipande kina kiongozi, na kiongozi hathibitishi kitu mpaka wengi, yaani zaidi ya nusu ya nakala, wakubali, kwa utaratibu uitwao Raft. Nakala tatu zinavumilia kifo cha moja, tano zinavumilia mbili. Wengi wakikosekana, kipande kinagoma kuandika, na kwenye pesa mimi nataka kigome.

ZUHURA: Hapo watu wanakosea ramani. Wanaweka seva mbili Dar es Salaam na moja Mwanza, wanasema tuna miji miwili, tuko salama. Dar ikikatika, ya Mwanza iko peke yake, haina wengi.

BARAKA: Sehemu tatu, dada. Mbili hazitoshi.

ZUHURA: Na CockroachDB, hifadhidata ya aina hiyo hiyo, umeiruka kwa makusudi.

BARAKA: Ni kazi nzuri sana, ila mwaka 2019 iliacha leseni huria. MongoDB, hifadhidata nyingine, ilifanya hivyo 2018. Redis, nayo hifadhidata, ilibadilisha Machi 2024, watu wakachukua msimbo wa zamani wakaendelea nao kwa jina la Valkey. TiDB na YugabyteDB msimbo wake uko chini ya leseni huria ya Apache 2.0. Isome leseni kabla ya kusoma kasi, kwa sababu kuhamisha data ya miaka mitano ni kazi ya kutoa machozi.

ZUHURA: Na mwenye mafaili, picha za eksirei, video?

BARAKA: Huyo asiyatie kwenye hifadhidata. Atumie Ceph, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye seva nyingi. Ilianza kama kazi ya shahada ya uzamivu ya Sage Weil huko California. Uzuri wake ni kwamba haina daftari moja kubwa la kusema kitu gani kiko wapi. Programu inapiga hesabu yenyewe na kujua iende diski ipi. Ila inataka mtu wa kuitunza.

ZUHURA: Kuna msikilizaji ana zahanati mbili na wagonjwa elfu chache. Anauliza achague ipi kati ya hizi.

BARAKA: Hakuna hata moja. Hifadhidata ya kawaida, PostgreSQL, kwenye seva moja, ya pili inanakili pembeni, na nakala ya akiba nje ya jengo.

ZUHURA: Na airejeshe hiyo nakala Jumamosi hii, akiwa na saa mkononi, ajue inachukua dakika ngapi.