Wakubwa wa Vyama Wakikutana, Kijana wa Maseno Anapata Nini?

WEKESA: Karibuni tena kipindini. Tuko Kisumu, Milimani, madirisha tumefunga, lakini mkisikia boda ikipita mtuvumilie. Mimi ni Mwalimu Wekesa.

ACHIENG': Na mimi ni Achieng'. Hamjambo nyote.

WEKESA: Daktari, leo tuna swali la msikilizaji, mwanafunzi wa shahada ya uzamili pale Chuo Kikuu cha Maseno. Ametuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Anasema huwa anaona picha za viongozi wa vyama vya watafiti waliowahi kupata ufadhili wa kwenda ng'ambo. Wametoka nchi mbalimbali, suti, vitambulisho shingoni, wamejipanga mbele ya bango. Anauliza: hawa watu wakikutana huwa wanafanya nini hasa?

ACHIENG': (anacheka) Kijana ana mdomo huyo. Lakini ameuliza vizuri. Kuna wafadhili ambao kazi yao ni kumpeleka mtafiti nchi nyingine, mwaka mmoja au miwili, akafanye utafiti na mwenzake wa huko. Ujerumani kuna Wakfu wa Alexander von Humboldt, makao yake Bonn. Huu wa sasa ulianza 1953, ingawa wa kwanza wenye jina hilo ulikuwepo tangu 1860. Japani kuna shirika la kuendeleza sayansi, JSPS, la 1932. Hao wana kituo Nairobi tangu 1965.

WEKESA: Ngoja. Miaka miwili tu baada ya uhuru?

ACHIENG': Miwili tu. Sasa, muda ukiisha mtafiti anarudi kwao. Wale waliopitia njia hiyo wanaunda chama. Mtandao wa Humboldt una watu zaidi ya 30,000, nchi zaidi ya 140. Kwa upande wa JSPS, Wajerumani ndio waliotangulia kuunda chama, 1995, na siku hizi Afrika Mashariki pia ina chake. Hao wa kwenye picha ndio wenyeviti na makatibu.

WEKESA: Kumbe ni chama kama chama kingine. Kuna mweka hazina anayelia, na kuna watu hawalipi ada.

ACHIENG': Na kuna yule unayemwona siku ya chakula pekee. Hakuna mwenye mshahara pale, Mwalimu. Mwenyekiti ni profesa aliyeacha mitihani haijasahihishwa. Hotuba za ufunguzi nitaziruka.

WEKESA: Mungu akubariki.

ACHIENG': Utamu uko kwenye mambo ambayo hayapigwi picha. La kwanza linachosha: orodha ya wanachama. Mtu alijisajili na baruapepe ya chuo, akahama au akastaafu, basi amepotea. Mwenyekiti wa nchi moja anamwuliza wa nchi nyingine, nyinyi watu wenu mnawapataje? Wanaweza kumaliza asubuhi nzima hapo. La pili ni kurudi. JSPS wana mpango unaoitwa BRIDGE. Mtafiti aliyewahi kufadhiliwa anarudi Japani siku 14 hadi 45 kuendeleza kazi na wenzake wa zamani. Lakini sharti awe mwanachama, na maombi yanapitia kwa chama.

WEKESA: Aa! Kwa hiyo chama kina meno.

ACHIENG': Kidogo. Ila la tatu ndilo nataka kijana wetu alisikie, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wa huku wanapokwama. Ni mwenyeji. Ufadhili wa namna hii huupati kwa alama nzuri peke yake. Ni lazima mwanasayansi wa kule akubali kukupokea maabarani mwake. Humboldt wanataka tamko lake kwa maandishi. JSPS ndio kabisa, kwa njia ya kawaida mwenyeji mwenyewe ndiye anayepeleka maombi kupitia taasisi yake. Sasa niambie, mtu aliyesoma Maseno, hajawahi kutoka hata kwa kongamano moja, profesa wa Kyoto atamjulia wapi?

WEKESA: Hamjui.

ACHIENG': Hamjui, na barua za watu asiowajua anapata kila siku. Lakini akiandikiwa na mtu aliyekaa maabarani mwake miaka miwili, "huyu binti nimemfundisha, mikono yake ni safi," hiyo barua ataisoma.

WEKESA: Samahani Daktari, lakini hapa Kenya hiyo tunaiita kujuana.

ACHIENG': Si kujuana. Mradi wako bado utasomwa na wataalamu ambao hawakujui, na Humboldt hawana mgao wa nchi wala wa fani. Barua inakufikisha mlangoni tu.

WEKESA: Na wanaofikishwa mlangoni ni wanafunzi wa maprofesa waliokwisha kwenda. Yule ambaye mwalimu wake hakutoka anabaki palepale. Mimi kwa hilo sijaridhika.

ACHIENG': Hata mimi sijaridhika, na ndiyo sababu ningekuwa na amri, kila kiongozi akienda mkutanoni angeulizwa swali moja: tangu tulipoonana, umemwombea mwenyeji nani ambaye si mwanafunzi wako? Ripoti ya kurasa arobaini abaki nayo.

WEKESA: Hapo wangepungua kwenye picha! Na kwa nini mikutano kama hii isije huku? Mwaka 2022 Kisumu ilipokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, mameya wa bara zima wakalala hapa.

ACHIENG': Na wangekuwa na cha kuona. Chukua Mbita, pale ziwani. Chuo Kikuu cha Nagasaki kina kazi ya afya pale tangu miaka ya 2000, wakifuatilia familia, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Jirani yao ni icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kampasi inayobeba jina la mwanzilishi wake, Thomas Odhiambo. Huko ndiko walikolima mahindi pamoja na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, na pembeni nyasi za napia, mpaka kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ikakosa nguvu.

WEKESA: Kayongo naijua. Shamba la mama yangu Bungoma iliwahi kulimaliza.

ACHIENG': Basi. Kazi ile walishirikiana na Rothamsted, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uingereza, kwa miaka mingi. Ushirikiano wa namna hiyo unadumu kwa sababu watu walikaa pamoja, wakagombana, wakaandika pamoja.

WEKESA: Tumjibu kijana. Aanzie wapi?

ACHIENG': Asianze na fomu. Asome makala za watafiti watatu au wanne wa eneo lake, aandike ukurasa mmoja unaosema anataka kupima nini na kwa nini maabara ile. Kisha atafute chama cha waliofadhiliwa, aombe mtu mmoja ausome.

WEKESA: Amwandikie mwenyekiti?

ACHIENG': Katibu. Mwenyekiti yuko safarini.