Lori la Tatu: Mhadhara kwa Wanaokwenda Fildi

Walimu wetu, shikamooni. Wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili, habari za mchana.

Nimepewa nusu saa niwaeleze fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ilivyo. Mimi niko mwaka wa nne, uhandisi ujenzi, na fildi nimeshakwenda mara tatu, wiki nane kila mara. Najua wengi mmekuja na maswali ya barua, mhuri na pesa ya Bodi ya Mikopo. Hayo nayapitia haraka. Barua ipeleke mapema, ipeleke kwa mkono, na baada ya wiki rudi uulizie ofisini kwenyewe. Kama pesa ya kujikimu inaweza kuchelewa, tafuta eneo unalofika kwa daladala moja. Buti na kofia ngumu uliza kabla ya siku ya kwanza kama utapewa au ujinunulie. Yaliyobaki mtasaidiwa na ofisi ya mafunzo kwa vitendo.

Kilichonileta mbele yenu ni kitabu hiki nilichoshika. Ni logibuku yangu ya fildi ya pili. Mtapewa kama hiki, mtaambiwa mkijaze kila siku, na kila wiki msimamizi atasaini. Najua, na nyinyi mnajua, kwamba wapo wanaokijaza kizima usiku mmoja wiki ya nane, wakinakili cha mwenzao. Mimi sikufanya hivyo. Nilikijaza kila jioni. Na bado niliandika ndani yake uongo wa mstari mmoja, ambao ulisumbua watu wengi. Ndio ninaotaka kuwasimulia.

Nilipangiwa jengo la ghorofa sita hapa Dar es Salaam. Kampuni siitaji jina, maana kosa ninalolisema ni langu. Wiki ya kwanza nilihesabu nondo na kukagua ringi. Wiki ya pili mhandisi mkazi, yaani yule wa upande wa mhandisi mshauri anayekaa eneo la ujenzi, akanikabidhi koni ya kupimia slampu, yaani ulaini wa zege bichi.

Koni mtaiona leo. Ni ya bati zito, urefu milimita 300, chini upana wake 200, juu 100. Unaisimamisha juu ya bati lililolowanishwa, unaikanyaga kwa miguu miwili pale kwenye masikio yake ya chini, unajaza zege kwa matabaka matatu, na kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma. Unasawazisha juu. Unafuta lililomwagika pembeni. Kisha unainyanyua koni polepole, wima, bila kuizungusha, na zege linabaki peke yake na kuanza kukaa chini. Unaigeuza koni juu chini kando yake, unalaza fimbo juu, unapima zege limeshuka milimita ngapi. Hiyo ndiyo slampu. Kazi nzima haizidi dakika kumi.

Kwa nini tunajisumbua? Kwa sababu ya maji. Mwaka 1918, kule Chicago, Duff Abrams alichapisha matokeo ya majaribio mengi ya zege na kuonyesha kwamba kinachoamua nguvu yake zaidi ni uwiano wa maji na saruji. Mfuko wa kilo 50 ukiuwekea lita 25 za maji, uwiano ni 0.5. Ongeza kindoo kimoja cha lita 10, umefika 0.7. Zege linakuwa laini, linateleza vizuri, mafundi wanafurahi kwa sababu mkono hauchoki. Lakini yale maji ambayo saruji haikuyahitaji hayapotei hivi hivi. Yanakauka yakiacha vitundu vidogo ndani, na zege lenye vitundu halibebi mzigo uliopigiwa hesabu.

Haya nilikuwa nayajua kwa mtihani. Aliyenifundisha kuyaona kwa macho ni fundi mkuu wa zege, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Binti, zege unalijua?" Nikasema nimelisoma. Akachota kidogo kwa mwiko, akalipigapiga juu ya ubao. "Tazama linavyong'aa. Hili zuri. Likizidi maji, utaona maji yanatembea yenyewe pembeni na kokoto zinabaki peke yake kama zimesuswa." Hadi leo kabla sijaweka koni napigapiga kwanza kwa mwiko. Namba ya koni inakuja kuthibitisha ambacho jicho limeshaanza kukisema, au kulikatalia. Ombi langu la kwanza kwenu ni hilo: muwaamkie mafundi, mkae nao, mshike mwiko. Hakuna mhadhara utakaowapa kile.

Sasa wiki ya tatu. Tulikuwa tunamwaga zege la nguzo za ghorofa ya pili, daraja la 25, yaani linalotakiwa kubeba nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba likifika siku 28. Slampu iliyotakiwa ilikuwa kati ya milimita 75 na 125. Zege lilikuja kwa malori. La kwanza nilipima, 105. La pili, 110. Kyubu za lori la kwanza nilizitengeneza mwenyewe, zile boksi za zege za milimita 150 kila upande, zinazobanwa baadaye hadi zipasuke ili kupima nguvu.

Lori la tatu lilikwama kwenye foleni. Lilifika jua limeshainama, zege limeanza kukaza kwenye tangi, na vibarua walikuwa wamesimama tangu saa nane. Nilikuwa upande wa pili nikiosha koni. Niliporudi nilikuta mpira wa maji umeingizwa kwenye tangi na tangi linazunguka. Niliuona. Nataka mnielewe hapa: niliuona mpira. Nikasogea na koni yangu, na foremani akaniambia, kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, hili ni sawa na yale mawili, andika tu, giza linaingia." Zege likaanza kushuka kwenye karai. Nikafungua kitabu nikaandika: Lori 3, slampu 110.

Hakunilazimisha mtu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa peke yangu msichana pale, na niliona aibu kuwasimamisha watu ishirini kwa dakika kumi zangu. Kyubu za lori lile alichukua msaidizi wa maabara mwishoni.

Baada ya siku saba tukazipeleka kyubu kwenye mashine ya kubana. Zege la daraja la 25 likifika siku ya saba mnatarajia kama theluthi mbili ya nguvu yake. Za lori la kwanza zilipasuka karibu na kilonyutoni 420. Gawanya kwa eneo la milimita za mraba 22,500, unapata kati ya nyutoni 18 na 19 kwa kila milimita ya mraba. Vizuri. Za lori la tatu, 250. Ni nyutoni 11. Bado naukumbuka mlio wake. Kyubu nzuri hupasuka kwa kishindo, zile zilisagika taratibu tu kama tofali la udongo lililonyeshewa.

Mhandisi mkazi akaita kumbukumbu zote. Akafungua ukurasa wa 17 wa kitabu hiki, akasoma 110, akasema, "Basi maji siyo." Kutoka hapo, kwa siku sita, watu walitafuta tatizo mahali ambapo halikuwepo. Walikagua kyubu zilivyoshindiliwa. Walikagua beseni la maji zilimolazwa. Yule msaidizi wa maabara aliitwa mara mbili kujieleza, na alikuwa hana kosa. Waliandika barua kwa wanaoleta zege kuhusu saruji yao. Kazi ya ghorofa ya juu ikasimama, na ikisimama, kibarua wa kutwa halipwi. Nilikuwa nawaona asubuhi wanakuja getini, wanaambiwa hakuna kazi, wanarudi Gongo la Mboto kwa miguu.

Siku ya sita nikaenda kwa mhandisi mkazi, nikamwambia sikupima, na kwamba niliona mpira wa maji. Alinyamaza kwa muda. Kisha akanipa kalamu. Nilidhani nitaambiwa nichane ukurasa. Akasema, "Kata kwa mstari mmoja, namba ya zamani isomeke. Pembeni andika: haikupimwa. Weka tarehe ya leo na saini." Ukurasa ni huu, nitauzungusha muuone. Mstari ule ndio jambo la kihandisi kuliko yote niliyofanya wiki zile nane, na nimeufanya nikitetemeka.

Siku ya 28 kyubu za lori lile zilitoa nyutoni 17 badala ya 25. Nguzo zenyewe zikakatwa sampuli kwa mashine, majibu yakawa yale yale. Mwanzoni mwa wiki ya nane nguzo nne zikavunjwa. Nilisimama pale siku nzima nikiangalia, ingawa hakuna aliyeniagiza.

Sipendi kutisha watu, lakini tuko Dar es Salaam. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya jiji hili na watu 36 wakafa. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Sisemi yalianguka kwa sababu ya mpira wa maji. Ninachosema ni kwamba jengo likiwa na tatizo, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni karatasi: nani alipima, siku gani, alipata nini. Karatasi hizo mara nyingi huandikwa na kijana wa fildi au mhitimu wa jana, kwa sababu wakubwa wako ofisini. Mkono ni wenu.

Na haiishii chuoni. Ukihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo wa miaka mitatu, ulioanza 2003, na humo nako unaandika unachofanya na mhandisi aliyesajiliwa anakagua. Tabia utakayoizoea wiki hizi nane ndiyo utakayoingia nayo.

Mwenzenu mmoja ameniuliza mlangoni: je, foremani akikataa nisipime? Jibu ni kuandika hivyo hivyo. "Lori 3, saa kumi na moja na nusu, sikupima, maji yaliongezwa, sijui kiasi." Mstari huo haumshtaki mtu yeyote. Ningeuandika, mhandisi mkazi angeusoma jioni ile ile, zege likiwa bado bichi na nguzo zinaondolewa kwa koleo, badala ya mashine za kuvunjia wiki tano baadaye.

Basi tusikae sana. Mafundi wa maabara wametuchanganyia zege hapo nje, kivulini, na koni ziko tatu. Jigaweni makundi matatu. Kila kundi lipime na kuandika namba yake bila kuchungulia ya wenzake. Zitatofautiana kidogo, ziacheni zitofautiane. Tutazisoma kwa sauti kama zilivyoandikwa. Twendeni, kabla halijaanza kushika.