Kabla ya Kununua Taa, Punguza Mwanga

Mhadhara juu ya upigaji picha za chakula, Lamu

Assalaam aleikum, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na feni.

Wengi mmekuja kuuliza taa gani inunuliwe. Tutafika huko. Ila niseme mapema: hapa Lamu hatuna uhaba wa mwanga. Tunao wa kupita kiasi, na nusu ya kazi ya kupiga picha za chakula ni kuupunguza.

Tuko kusini kidogo tu ya ikweta, digrii mbili na ushei. Adhuhuri jua liko utosini. Weka samaki wa kupaka nje saa hizo: mchuzi unang'aa kama bati, chini ya samaki pana kivuli cheusi ti, na rangi ya manjano imepotea. Chakula kinapendeza kwa mwanga mpana, laini, unaokijia kutoka ubavuni au kwa nyuma.

Mwanga huo umo ndani ya nyumba zetu za mawe. Kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi juu, mwanga unaingia, unagonga kuta za chokaa, unasambaa. Wewe kaa msanani, ule ukumbi unaotazama kiwanda, kwenye kivuli, meza yako iwe na kiwanda ubavuni. Zile taa za studio zenye boksi la kitambaa cheupe zinaiga jambo hilo hilo, kwa bei.

Kisha zima balbu ya dari. Hapa ndipo watu wanapobishana nami. Balbu ya manjano ina joto la rangi, yaani kipimo cha umanjano au ubuluu wa mwanga, la kelvini 2700 hivi, mwanga wa mchana kama 5500. Kamera haiwezi kuzisawazisha zote mbili kwa pamoja. Ikifuata mchana, upande wa balbu unageuka wa machungwa. Ikifuata balbu, wali wako unakuwa wa buluu. Nani ataagiza wali wa buluu?

Sasa tazameni haya mahamri na mbaazi. Nikipiga kwa flashi ya simu, mwanga unatoka pale pale lilipo jicho la kamera, vivuli vyote vinajificha nyuma, na hamri linabaki kipande bapa cha kahawia. Nazima flashi. Napasua moja, nalilaza ubavu ukielekea kiwandani. Mnaona? Ukingo wa juu umeshika mwanga, ndani ya uwazi giza linaingia taratibu, na vile vipovu vidogo vya maganda vimejitokeza. Mtu anajua limeumuka bila kuambiwa.

Mbaazi zina tabia nyingine. Kwa mwanga wa ubavuni, tui ni rangi tu. Nazungusha meza mpaka kiwanda kiwe nyuma ya bakuli: juu ya tui umekuja mng'ao, na kila mbaazi imechomoza peke yake. Lakini upande wetu umekuwa giza. Basi nasimamisha manila nyeupe hapa mbele, naisogeza polepole, giza linalegea. Mng'ao ukizidi, tundika shuka jepesi jeupe kati ya meza na kiwanda. Ukitaka giza zaidi, kwa mfano kahawa na tende, badala ya manila nyeupe weka nyeusi.

Pembe hazina mjadala mrefu. Sinia ya biriani ipige kutoka juu kabisa, glasi ya juisi ya ukwaju uso kwa uso, bakuli kwa digrii 45 hivi. Wenye simu, msiisogeze mpaka puani mwa sahani. Ile lenzi pana hupotosha, duara likawa yai. Rudi nyuma, tumia lenzi ya mara mbili kama unayo.

Wenye kamera, lenzi ya milimita 50 inatosha kuanzia. Weka stendi, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100 au 200, tundu la lenzi f/5.6. Shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, ikienda polepole usijali, pilau haikimbii. Mtindo wa kufungua tundu hadi f/1.8 mimi siupendi: punje tatu za wali zinaonekana, sahani iliyobaki ni ukungu.

Na taa? Ukipika usiku, nunua moja ya LED, yenye CRI ya 95 na kuendelea, yaani inayoonyesha rangi kwa usahihi. Iweke ubavuni, na shuka jeupe mbele yake. Mbili zenye nguvu sawa, kulia na kushoto, zinafuta umbo lote.

Kumpaka samaki mafuta kwa brashi kabla ya picha naruhusu. Gololi, hapana. Marekani kampuni ya Campbell ilitia gololi chini ya bakuli la supu ili mboga na nyama zikae juu. Tume ya serikali ya biashara ikaingilia, na mwaka 1970 shauri likamalizwa kwa amri ya kuwazuia. Mteja wetu sisi hana haja ya tume. Anajua mlango wako.

La mwisho ni haraka. Mvuke unaonekana ukiangazwa kwa nyuma, mbele ya kitu cheusi, na haukai. Mchuzi wa nazi ukipoa unashika utando. Kwa hiyo kila kitu, stendi, manila, pembe, kipangwe kwa sahani tupu. Biriani ibaki jikoni kwanza. Dada uliyekaa hapo mbele, tuletee sahani tupu tuanze.