Ukishafunga Ekzosi Mpya kwenye Pikipiki ya Theluji, Kazi Ndiyo Kwanza Inaanza

Ndugu zangu watazamaji, salamu kwenu nyote. Tangu nilipoonyesha mabomba mapya ya ekzosi, swali moja limekuwa likinirudia chini ya kila video: ikiwa mabomba yamefungwa na bolti zimekazwa, kwa nini mashine bado iko juu ya stendi? Wapo walioandika kwamba ninajionyesha na chombo cha starehe, na wapo walioandika kwamba ninalalamika huku nikiishi mahali ambapo wao wangetamani kuishi. Swali la mashine nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu lake linaweza kuokoa injini ya mtu. Kwa hayo mengine, nasema tu kwamba pikipiki hii ya theluji, chombo cha injini kinachoteleza juu ya theluji, ni ya zamani, niliinunua mkononi mwa mtu, na ninaitengeneza mwenyewe kwa sababu malipo ya fundi kwa saa ni makubwa kuliko kipato changu kinavyoruhusu.

Sitapoteza muda kueleza namna ya kufungua bolti wala namna kabureta inavyosafishwa, maana wengi wenu ni mafundi na mmezishika kabureta nyingi. Nataka tuanze na bomba lenyewe. Katika injini ya mipigo miwili, ekzosi ni sehemu ya upumuaji wa injini, kwa sababu tundu la kutolea moshi hubaki wazi wakati mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unaingia kwenye silinda. Gesi zinapotoka kwa kishindo, wimbi la shinikizo husafiri ndani ya bomba. Likifika pale bomba linapopanuka, hurudisha mvuto unaosaidia mchanganyiko mpya kupanda kwenye silinda, na likifika pale bomba linaposinyaa, hurudisha msukumo unaouingiza tena ndani mchanganyiko uliokwisha kuponyoka, kabla pistoni haijaliziba tundu. Walter Kaaden, mhandisi wa pikipiki za mashindano za MZ huko Ujerumani Mashariki, aliikuza sana elimu hii katika miaka ya 1950, na mabomba tunayofunga leo yanafuata kanuni hiyohiyo.

Mawimbi hayo hufika kwa wakati unaofaa katika kasi fulani tu ya injini. Kwa hiyo ukibadilisha umbo la bomba, umebadilisha mambo mawili kwa pamoja: kiasi cha hewa ambacho injini inavuta, na idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo nguvu inafikia kilele. La kwanza linadai kabureta irekebishwe, na la pili linadai klachi, ambayo hapa hupeleka nguvu ya injini kwa mkanda na kujibadilishia mwendo yenyewe, irekebishwe. Anayefunga mabomba na kuondoka ameacha yote mawili, na hatari kubwa iko kwenye lile la kwanza, kwa kuwa hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto la pistoni linapanda, na injini inanoki, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda, ikiwa katika kasi yake ya juu kabisa.

Kabla ya kugusa jeti yoyote, yaani kile kitobo cha kabureta kinachopima petroli inayopita, mashine ya zamani lazima ikaguliwe kama inavuta hewa pasipotakiwa. Mipira inayounganisha kabureta na injini hupasuka kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki, sili za krankshafti hukauka, na mpira mdogo unaopeleka msukumo kwenye pampu ya petroli hulegea. Ufa mmoja tu unaweza kukudanganya kwamba jeti ni ndogo, ukaiongeza, kisha ufa ukapanuka na ukapoteza injini ukiamini kwamba uko salama. Kwa maoni yangu, kipimo cha shinikizo, ambapo unaziba njia za hewa na moshi, unapuliza hewa kidogo ndani ya injini na kuangalia kama inashikilia, kina thamani kuliko bomba lolote linalong'aa.

Hapa ndipo fedha inapoanza kuuma, na naomba nisieleweke vibaya. Mipira na sili za mashine ya umri huu haziko rafuni. Huagizwa kutoka mbali, na ushuru hukadiriwa juu ya bei ya kifaa pamoja na gharama ya kukisafirisha, hivyo kipande kidogo cha mpira kinanifikia kwa bei isiyolingana nacho kabisa. Karatasi nazo ni mzigo mwingine. Mwenye mashine kabla yangu hakuwa na hati za yule aliyemuuzia, na ofisi ya usajili ikataka mlolongo wote wa umiliki. Kampuni ya bima nayo, iliposikia kwamba ekzosi si ya kiwandani, ikadai cheti cha kiwango cha kelele, ambacho muuzaji wa mabomba hana kwa modeli ya zamani kama hii. Nimeandika barua, nimejaza fomu, nimerudishwa dirisha lilelile na karatasi ileile, na inaniumiza kwa sababu niliitaja ekzosi kwa hiari yangu, kwa kuamini kwamba kusema kweli kungerahisisha mambo.

Turudi kwenye kabureta. Kabureta za Mikuni zilizo kwenye mashine nyingi za zamani zina sehemu zinazotawala hatua tofauti za kufungua mafuta, yaani kadiri unavyobonyeza kidhibiti cha mwendo. Jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa hushika mwanzo, hadi karibu robo. Sindano hushika katikati. Jeti kuu hushika kuanzia robo tatu hadi mwisho. Namba ya jeti ikiwa kubwa zaidi, petroli inayopita ni nyingi zaidi. Sindano nayo ina klipu: ukiishusha klipu kwenye mfereji wa chini, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Mimi huanza na jeti kuu kubwa kuliko ile iliyopendekezwa kwenye karatasi ya mtengenezaji wa mabomba, hata kama injini itakuwa nzito na itatoa moshi, kisha ninapunguza hatua moja baada ya nyingine. Petroli iliyozidi huchafua plagi, na plagi hubadilishwa. Ikipungua hutoboa pistoni.

Baridi nayo inaingia katika hesabu hii. Hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ina uzito unaozidi kwa takriban asilimia 12 ule wa hewa ya nyuzi sifuri, kwa shinikizo lilelile. Maana yake ni kwamba jeti uliyoiridhia mchana wa jua inaweza kuwa ndogo mno alfajiri ya baridi kali, bila wewe kugusa kitu chochote. Ukipanda mlimani mambo yanageuka, hewa inapungua na jeti inayofaa inakuwa ndogo zaidi, lakini ole wake anayeshuka bondeni bila kuirudisha ile kubwa.

Kupima, ninafunga plagi mpya, ninatafuta eneo tambarare lisilo na watu, ninaipasha injini vizuri, ninafungua mafuta yote kwa umbali wa kutosha, kisha ninazima injini kwa swichi huku mafuta yakiwa bado wazi, ili alama za kasi hiyo zisifutwe na mwendo wa taratibu. Rangi iliyo kwenye kitako cha kaure ya plagi inasaidia, lakini kwa petroli ya siku hizi siitegemei peke yake. Ninamulika tochi kupitia tundu la plagi na kutazama kichwa cha pistoni: karibu na matundu yanayoingiza mchanganyiko panatakiwa kuwe na sehemu safi, iliyooshwa na petroli. Sehemu hiyo ikitoweka, petroli ni kidogo. Nikiona vichembe vya alumini kwenye kaure, ninasimama hapohapo, kwa maana pistoni imeanza kuliwa.

Jeti ikishakuwa salama, ndipo ninapoigeukia klachi. Klachi ya mbele ina vyuma vya uzito vinavyofunguka kwa mzunguko na kuubana mkanda. Ikiwa bomba jipya linataka mizunguko mingi zaidi na vyuma ni vilevile, klachi itapandisha mwendo mapema, kama gari linaloingia gia kubwa kabla ya wakati, na injini haitafikia kilele chake. Vyuma vyepesi zaidi huiruhusu kupanda. Ikipitiliza kilele, vyuma vizito zaidi huishusha. Springi za miaka mingi huwa zimechoka, hivyo ni busara kuzibadilisha kwanza. Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni joto la bomba. Mawimbi husafiri haraka zaidi katika gesi ya moto, kwa hiyo bomba lililopoa hutoa kilele cha chini, na bomba likishashika moto kilele kinapanda. Anayepanga klachi kwa mbio fupi za bomba baridi atakosa nguvu kwenye mbio ndefu. Na baada ya klachi ninairudia plagi tena, kwa sababu mzigo wa injini umebadilika.

Kaka zangu na dada zangu mnaoniandikia, "tupe namba ya jeti," naomba mnielewe kwamba sitaitaja, na simnyimi mtu. Namba yangu ni ya injini yangu, mabomba yangu, kimo cha mahali nilipo na baridi ya siku niliyopima. Mwenye mashine pacha na hii anaweza kuitumia akaua pistoni siku hiyohiyo. Ninachoweza kuwaonyesha ni daftari langu: joto la hewa, kimo, jeti kuu, mfereji wa klipu, uzito wa vyuma vya klachi, mizunguko iliyofikiwa bomba likiwa moto, na hali ya pistoni baada ya kila mbio. Ninabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ninakiandika, ndipo ninapopima tena.