Sándor Márai na Lugha Aliyoondoka Nayo

Mabibi na mabwana,

Mwandishi wa Kihungaria ninayetaka kumzungumzia jioni hii, Sándor Márai, alizaliwa Aprili 1900 katika mji wa Kassa, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya ufalme wa Hungaria na leo unaitwa Košice, nchini Slovakia. Jina la ukoo wake lilikuwa Grosschmid, jina la Kijerumani. Wasomaji walimfahamu kama Márai. Naanza na jina kwa sababu suala la lugha lilimwandama tangu nyumbani kwao.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ujerumani, akasomea uandishi wa habari Leipzig, na akiwa bado kijana mdogo akawa anaandika kwa Kijerumani katika Frankfurter Zeitung, gazeti lililoheshimiwa mno. Mwaka 1923 alihamia Paris pamoja na mkewe, Lola. Angeweza kabisa kuishi kwa kalamu ya Kijerumani. Badala yake, mwaka 1928 alirejea Budapest na kujikita katika Kihungaria, lugha ambayo majirani wa Wahungaria, wawe Waslavi, Waromania au Waaustria, hawawezi kuielewa hata kwa kukisia. Kwa hesabu za soko, ule ulikuwa uamuzi mbovu.

Huko Budapest aliandika magazetini karibu kila siku, na vitabu vikafuatana. Riwaya yake mashuhuri zaidi, ambayo jina lake lina maana ya mishumaa inayoungua hadi kwisha, ilitoka mwaka 1942: jenerali mzee anamngoja rafiki yake kwa miaka 41, kisha wanakesha usiku mmoja wakizungumza. Kusema kweli anayezungumza ni mmoja, na mwenzake husikiliza tu. Wapo wanaochoshwa na jambo hilo, nami siwalaumu.

Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Budapest ilizingirwa, na nyumba aliyokuwa akiishi, upande wa Buda, ikabomolewa kwa mabomu pamoja na maktaba yake. Vita vilipokwisha, Wakomunisti walikaza mkono, na mwaka 1948 akaondoka. Katika kumbukumbu zake anasimulia usiku ambao treni ilisimama kwenye daraja la mto Enns, nchini Austria, mpaka wa eneo la Warusi na eneo la Wamarekani. Hati zilikaguliwa, treni ikavuka taratibu gizani. Hapo, anasema, kwa mara ya kwanza maishani mwake aliingiwa na hofu ya kweli, kwa kuwa alitambua kwamba yuko huru. Nimesoma simulizi nyingi za wakimbizi, lakini nyingi huweka furaha mahali ambapo yeye ameweka hofu.

Aliishi Italia, kisha New York, akarudi Italia, na mwishoni akahamia San Diego. Kwa miaka mingi aliwahutubia Wahungaria kupitia Redio Ulaya Huru, kituo cha Marekani kilichotangazia nchi za Kikomunisti, kwa hiyo sauti yake ilifika mahali ambapo vitabu vyake havikufika. Baadaye wakubwa wa Budapest walipotaka kumchapisha tena alikataa: si kabla majeshi ya Kisovieti hayajaondoka na uchaguzi huru haujafanyika. Aliendelea kuandika shajara kwa Kihungaria, katika mji ambao pengine muuza duka wake hakujua kwamba mzee yule ni mwandishi.

Lola alifariki mwaka 1986, na mwaka uliofuata akafariki mtoto wao wa kulea. Katika maneno ya mwisho ya shajara, Januari 1989, Márai anaandika kwamba anangojea wito, hauharakishi wala hauahirishi. Mwezi uliofuata alijiua kwa bastola, na majivu yake yakamwagwa katika Bahari ya Pasifiki. Uchaguzi huru ulifanyika Hungaria mwaka 1990. Askari wa mwisho wa Kisovieti aliondoka Juni 1991. Na mwaka 1998 riwaya ile ya mishumaa ilitoka kwa Kiitaliano, ikasomwa sana katika nchi ambamo mwenyewe alikuwa ameishi miaka mingi bila kutambuliwa, kisha ikavuma kwa Kijerumani, lugha aliyoipa kisogo mwaka 1928.